Umeme ulipozidi, mitambo ikazimwa: bani la tumbaku linatueleza kwa nini

Machi 2024 Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, lilitoa taarifa ambayo wasikilizaji wetu wengi walidhani wameisikia vibaya. Vituo vitano vya kuzalisha umeme kwa maji vilikuwa vimezimwa. Havikuzimwa kwa sababu maji yamekauka. Vilizimwa kwa sababu umeme ulikuwa umezidi. Miezi michache tu kabla ya hapo, mwishoni mwa 2023, nchi nzima ilikuwa kwenye mgao.

Swali lililotufikia wakati ule bado linarudi kila umeme unapokatika huku kwetu: umeme unazidije? Na kama upo mwingi kiasi cha kuzima mitambo, kwa nini usiletwe huku Igalula tukausaga mahindi?

Redioni tulilijibu kwa dakika tatu na tukajua hatujalijibu. Tunalirudia hapa kwa kirefu, usome taratibu kwenye simu yako. Jibu lenyewe haliko mbali na sisi. Mkulima yeyote wa tumbaku ya mvuke anafanya kazi ya namna ileile kila msimu, akiwa amekaa kwenye gogo mbele ya bani saa nane za usiku.

Usiku mbele ya bani

Anayejua atuvumilie, maana kuna wasomaji wetu wa mjini ambao tumbaku wanaijua ikiwa imeshakuwa sigara.

Majani yakishachumwa na kufungwa kwenye fito, yanapangwa ndani ya bani, mlango unafungwa, na moto unawashwa kwenye tanuri. Joto linapita kwenye mabomba yaliyolazwa sakafuni. Kazi inachukua takriban wiki moja. Kwanza jani linageuka njano, kwa joto la kama nyuzi 35 hadi 38 za Selsiasi. Kisha joto linapandishwa polepole ili jani lenyewe likauke. Mwisho linafikishwa karibu nyuzi 70 ili mshipa mnene wa katikati nao ukauke. Ukiharakisha mwanzoni, jani linabaki na ukijani wake na rangi haitoki tena. Ukichelewa, njano inapitiliza na kuwa kahawia. Siku ya soko mteuzi anafungua robota, anatazama, na daraja linashuka. Msimu mzima, mbolea ya mkopo na kuni zote zile, unaamuliwa na nyuzi chache za joto.

Sasa mtazame kijana anayelinda bani kwa mara ya kwanza. Anatakiwa kuwa na nyuzi 36, kipimajoto kinasema 32. Anatupia magogo matatu. Baada ya dakika kumi anaangalia tena, bado 32. Anaongeza mawili. Kuni zile za kwanza zinashika, za pili zinafuata, na baada ya muda kipimajoto kinasema 42. Anashtuka, anafungua matundu yote ya hewa na kuvuta kuni nje. Joto linaanguka hadi 30. Anaanza upya. Mpaka alfajiri joto limepanda na kushuka kama ndoo ya kisimani, na majani yamejeruhiwa pande zote mbili.

Kijana huyu si mvivu. Amekesha, amepima, na kila alipoona tofauti ameirekebisha. Tatizo lake ni kwamba amerekebisha kwa nguvu mno jambo ambalo matokeo yake huchelewa kuonekana.

Baba yake angefanya nini? Angeona 32, angeweka gogo moja, angekaa. Anajua moto wa gogo hilo utafika kwenye kipimajoto baada ya muda gani, kwa sababu tanuri lile analijua, ukuta ule analijenga mwenyewe, na kuni za mninga anazitofautisha na za mtundu kwa jinsi zinavyowaka. Akiona joto limeanza kupanda, hata kama bado halijafika 36, anaacha kuongeza. Anatazama lilipo, na anatazama linakoelekea.

Wahandisi wana jina la ile tofauti kati ya 36 na 32. Wanaiita kosa. Kwa Kiswahili chetu neno hilo lina harufu ya hatia: aliyekosa ataitwa ofisini, atatozwa faini. Katika uhandisi halina hatia ndani yake. Ni kipimo tu cha umbali kati ya unachotaka na kilichopo. Mtambo usio na kosa linalopimwa hauwezi kuongozwa, kama vile bani lisilo na kipimajoto. Kinachotofautisha mtambo mzuri na mbaya ni kosa linarudi haraka kiasi gani kwa anayeongoza, na anaporudishiwa analifanyia nini.

Mshika usukani

Mwaka 1922 mhandisi mmoja mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, Nicolas Minorsky, alichapisha maelezo ya jinsi ya kuifanya meli ijishike usukani yenyewe. Alianza kwa kuwatazama mabaharia wa jeshi la majini wakiwa kazini. Aliona kuwa mshika usukani hodari haangalii tu meli imepinda kiasi gani sasa hivi. Anaangalia pia inapinda kwa kasi gani, ili aanze kurudisha usukani kabla haijapitiliza. Na kama kuna upepo unaoisukuma upande mmoja muda wote, anagundua kwamba kosa dogo linazidi kujilimbikiza, basi anaushikilia usukani umeinama kidogo ili kuufuta upepo huo.

Kosa la sasa, mwendo wa kosa, na kosa lililojilimbikiza. Mambo hayo matatu, yakichanganywa kwa vipimo tofauti, ndiyo yanayoendesha sehemu kubwa sana ya mitambo duniani leo: majiko ya viwandani, pampu, injini, mashine za hospitali. Minorsky aliyaweka katika hesabu. Mzee wa bani anayafanya bila hesabu, hata la tatu: akijua ukuta wa kaskazini una ufa unaopitisha upepo, moto wa bani hilo anauweka mkubwa kidogo tangu mwanzo.

(Tukiwa bado kwenye meli: MV Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa kwa reli ya kati hadi Kigoma. Kwa hiyo meli hiyo ilipita Igalula ikiwa kwenye masanduku, kwa njia ambayo kabla ya reli ilikuwa ya misafara ya wapagazi.)

Gavana wa mashine ya kusaga

Kabla hatujafika kwenye umeme, tupitie kwanza kwenye mashine ya kusaga ya dizeli. Wengi wetu tumekua tukiisikia. Ikiwa tupu inaimba sauti moja. Msagaji akimimina debe la mahindi, sauti inazama, inakuwa nzito, kisha baada ya sekunde chache inarudi palepale. Hakuna mtu aliyegusa mafuta. Aliyefanya kazi hiyo ni kifaa ambacho mafundi wanakiita gavana. Mzigo unapoongezeka injini inapungua kasi, gavana anahisi kasi imepungua, anafungulia dizeli zaidi. Mahindi yakiisha kasi inataka kupanda, gavana anabana.

Kifaa hicho kina umri. Mwaka 1788 James Watt wa Uingereza alikiweka kwenye injini za mvuke: vyuma viwili vya mviringo vinavyozunguka, kasi ikipanda vinatawanyika na kubana mvuke, kasi ikishuka vinakusanyika na kuufungulia. Kwa miaka mingi mafundi walivitengeneza bila kuelewa kwa nini baadhi ya injini hutulia na nyingine huhemahema, zikipanda na kushuka kasi bila kukoma. Mwaka 1868 mwanasayansi wa Uskoti, James Clerk Maxwell, aliandika hesabu zake na kuonyesha lini gavana atatuliza injini na lini atazidisha vurugu. Ni ugonjwa uleule wa kijana wetu wa bani.

Ukitaka kuusikia, nenda kwenye mashine ambayo gavana wake amechakaa. Utasikia injini inapandisha sauti, inashusha, inapandisha tena hata kama mahindi yanamiminwa sawasawa. Fundi akija atakuambia gavana amelegea. Maana yake kosa linamfikia kwa kuchelewa, na yeye analijibu kupita kiasi.

Sasa tuje kwenye gridi

Gridi ya Taifa ni mashine kubwa moja ya kusaga. Turbini zote, za Kidatu, za Mtera, za Kihansi, za gesi kule Dar es Salaam, na zile za Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, zimefungwa pamoja kwa nyaya kiasi kwamba zinakwenda kwa mwendo mmoja. Umeme wake unapaswa kuyumba mara 50 kwa sekunde. Namba hiyo ndiyo sawa na nyuzi 36 za bani letu, na kila chumba cha kuongozea mitambo kinaitazama usiku na mchana.

Nyaya hazina ghala. Umeme unaozalishwa sekunde hii lazima utumike sekunde hii. Watu wakiwasha vitu vingi jioni, mitambo yote inahisi uzito na ile 50 inaanza kushuka. Magavana wanafungulia maji na gesi zaidi. Watu wakilala, viwanda vikifunga, mzigo unapungua, turbini zinataka kukimbia, na 50 inaanza kupanda. Magavana wanabana.

Lakini kubana kuna mwisho. Mtambo mkubwa hauwezi kuendeshwa kwa nguvu kidogo mno. Utatikisika na kuharibika. Wakati fulani jawabu ni kuuzima kabisa. Ndicho kilichotokea Machi 2024. Mvua zilikuwa nyingi, mabwawa yamejaa, na turbini ya kwanza ya Bwawa la Nyerere, megawati 235 peke yake, ilikuwa imeingia kwenye gridi mwezi mmoja kabla. Bwawa lote lilijengwa kuchukua turbini tisa kama hiyo, jumla megawati 2,115. Uzalishaji ukapita mahitaji. Aliyezima vituo vitano alifanya kile mzee wa bani anachofanya anapovuta gogo nje ya tanuri.

Kwa hiyo kwa maoni yetu kuzima kule kulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni maelezo. Mtu aliyetoka kwenye mgao wa saa nyingi akiambiwa umeme umezidi, na asielezwe zaidi, ana haki ya kudhani anachezewa.

Na lile swali la kwa nini usiletwe Igalula? Hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa. Kuwa na umeme wa kutosha ni jambo moja. Kuufikisha ni jambo lingine. Tabora inalishwa kwa laini ndefu ya kilovolti 132 inayotoka Shinyanga, na kutoka Tabora mjini laini ndogo zinasambaa vijijini, kwenye nguzo za miti, kupitia miombo, kukiwa na radi za Novemba hadi Aprili. Kadiri laini inavyokuwa ndefu ndivyo nguvu ya umeme inavyopungua ikifika mwisho wake, na ndivyo kunavyokuwa na sehemu nyingi za kuharibika. Megawati zikizidi Rufiji hazifungi kikombe kilichopasuka juu ya nguzo. Gari kujaa mafuta hakuponyi pancha.

Maji nayo yana ukaidi wake

Kuna jambo moja kuhusu turbini za maji ambalo lilitushangaza tulipolisoma, na tunadhani litawapendeza wanaokaa na bani. Ukifungua ghafla lango la maji ili upate nguvu zaidi, kwa muda mfupi nguvu inapungua kwanza. Maji yaliyo ndani ya bomba refu ni mazito, hayashiki kasi mara moja. Lango limepanuka, maji hayajafika, shinikizo linashuka. Baada ya sekunde kadhaa ndipo maji yanashika mwendo na nguvu inapanda.

Fikiria gavana asiyejua hilo. Anafungua lango, anaona nguvu imepungua, anafungua zaidi, inapungua zaidi. Kwa hiyo gavana wa turbini ya maji anatengenezwa kwa makusudi awe na subira. Amewekewa ndani yake ujuzi fulani wa tabia ya maji kwenye bomba lile, urefu wake na uzito wake. Kipimo peke yake hakitoshi. Anayeongoza anahitaji pia kuwa na picha ya kitu anachokiongoza.

Ikitokea mtambo mkubwa umeanguka ghafla na magavana wengine hawawezi kuziba pengo kwa wakati, ile 50 inashuka haraka. Ikishuka mno, mitambo iliyobaki nayo inajitoa ili isiharibike, na kila mmoja unaojitoa unazidisha pengo. Ili kuzuia hilo, gridi ina vifaa vinavyokata wateja wa maeneo fulani vyenyewe, ndani ya muda mfupi sana, mzigo upungue na wengine wabaki na umeme. Kwa hiyo zipo nyakati ambazo kijiji kinazimika bila nguzo yoyote kuanguka, kwa sababu jambo limetokea mamia ya kilomita kutoka hapo. Si kila kukatika ni hivyo. Mengi ya huku kwetu ni tawi, radi au kikombe.

Wenzetu wa Kenya walilipata kwa ukubwa wake tarehe 25 Agosti 2023. Karibu nchi nzima ilizimika kwa saa nyingi, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani. Baada ya hapo wakabishana. Kampuni ya kusambaza umeme ilisema chanzo ni mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana kujitoa. Wenye mitambo wakasema wao walijitoa kwa sababu gridi ilikuwa imeshavurugika. Nani alianza ni suala la sekunde, na sekunde hizo haziamuliwi kwa ubishi. Zinaamuliwa kwa kumbukumbu zilizoandikwa na vifaa vyenye saa moja.

Kosa lina kazi ya pili

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii.

Mpaka sasa tumezungumza kazi ya kwanza ya kosa: kurekebisha mambo ya leo. Joto limeshuka, weka gogo. Lakini kosa lina kazi ya pili, ambayo ni kurekebisha mpango wenyewe.

Kila mkulima ana ratiba ya ukaushaji, iwe ya bwana shamba, iwe ya kurithi. Nyuzi hizi kwa saa hizi, halafu panda, halafu panda tena. Ratiba hiyo ni picha ya bani, na picha yoyote ina mahali isipofanana na kitu chenyewe. Tuseme kila bani unalolikausha, usiku wa pili, joto linashuka na unalazimika kuongeza magogo mawili. Mara ya kwanza ni bahati mbaya. Mara ya tano bani linakuambia ratiba yako si sahihi kwa ukuta wako, kwa kuni zako, au kwa majani ya mwaka huu wa mvua nyingi. Unapaswa kuyaweka magogo mawili hayo kwenye mpango kabla hujawasha moto, usisubiri mpaka joto lishuke.

Mwaka 1987 Mjapani Mitsuo Kawato na wenzake walipendekeza kwamba ubongo wa mwanadamu hujifunza kwa njia hiyo. Mtoto anayeanza kubeba ndoo kichwani anayumba, anajirekebisha, anayumba tena. Kila rekebisho linampa mwili wake somo, na somo hilo linaingia kwenye mpango wa hatua inayofuata. Baadaye hajirekebishi sana, kwa sababu mwendo wake tayari unalijua yumbo la maji. Wahandisi walilichukua wazo hilo wakaliweka kwenye mikono ya roboti: nguvu ya kurekebisha haitupwi, inatumika kuifundisha mashine picha sahihi zaidi yake yenyewe. Na kuna alama rahisi ya kujua kwamba somo limeingia. Marekebisho yanapungua.

Igeuze alama hiyo upande wa pili. Mahali ambapo marekebisho ni yaleyale mwaka hadi mwaka, kazi ya kwanza inafanyika na ya pili haifanyiki.

Tuchukue mfano mkubwa ulio karibu na mifereji yetu. Maji ya bomba yanayofika Tabora mjini, Nzega na Igunga yanatoka Ziwa Victoria, yakivutwa Ihelele wilayani Misungwi. Ziwa hilo lina mlango mmoja wa kutokea, Jinja nchini Uganda, na tangu 1954 mlango huo una bwawa. Lilipojengwa, walikubaliana sheria rahisi: pima kina cha ziwa, kisha toa maji kiasi ambacho mto ungetoa wenyewe kama bwawa lisingekuwepo. Ziwa likishuka, toa kidogo. Likipanda, toa zaidi. Sheria hiyo ni gavana wa ziwa zima. Miaka ya mwanzoni mwa 2000 Uganda ilikuwa na njaa ya umeme na kituo kipya cha Kiira pembeni ya kile cha zamani. Maji yakatolewa kuliko sheria ilivyosema, na wakati huohuo mvua zikapungua. Mwaka 2006 ziwa lilishuka hadi kina kisichoonekana kwa takriban miaka 80. Kipimo cha Jinja kilikuwa kinafanya kazi siku zote hizo. Kosa lilionekana. Lilichokosa ni mtu wa kulitii.

Halafu Mei 2020 ziwa lilipanda likavunja rekodi ya 1964, likala nyumba na bandari pwani zake zote. Wanaojenga vituo vya kuvuta maji sasa wanajua picha yao ya ziwa lazima iwe na 2006 na 2020 zote mbili ndani yake.

Laini ileile, mvua ileile

Turudi nyumbani. Mvua za kwanza zikinyesha, kuna laini za vijijini ambazo kila mtu anajua zitazima. Fundi anakuja, anapanda, anarudisha fyuzi, umeme unawaka, watu wanashangilia. Wiki mbili baadaye ni vilevile. Kazi hiyo ni ya lazima na mafundi hao wanastahili shukrani, wengine wanapanda nguzo usiku kwenye matope. Lakini ni magogo mawili ya usiku wa pili. Kama laini moja imezima mara sita msimu mmoja, mara zote baada ya upepo wa mashariki, basi mahali fulani kuna mti unaoigusa, na jawabu ni panga la Oktoba.

Nani anajua ni mara sita? Vifaa vya gridi kubwa vinajiandikia wenyewe. Mwisho wa laini, kwenye transfoma ya kijiji, mara nyingi hakuna kifaa kinachoandika chochote. Wanaoona ni ninyi, na kinachofika ofisini ni "umeme umekatika tena". Sentensi hiyo ina uchungu ndani yake, haina kipimo. Kipimajoto kinachosema "kuna joto" hakimsaidii mtu.

Tunadhani ofisi nazo zina la kufanya hapa. Taarifa ya mteja ikishafunguliwa namba na kufungwa siku umeme uliporudi, imefanya nusu ya kazi yake. Mtu akae mwisho wa msimu azipange taarifa zote kwa laini na kwa tarehe, aone zipi zinajirudia. Haihitaji mashine ya gharama. Daftari linatosha, na mhasibu yeyote wa chama cha msingi anajua kulipanga.

Kwa upande wetu wa kijijini, haya ndiyo yanayoifanya taarifa iwe kipimo. Saa na tarehe umeme ulipokatika. Saa uliporudi. Hali ya hewa: radi, upepo, kutulia. Kama vijiji vya jirani vilizima pia, au ni transfoma yenu tu. Kama kabla ya kuzima taa zilififia au ziling'aa kupita kiasi. Hilo la mwisho lina uzito. Taa kung'aa ghafla na kufifia kwa majirani ni dalili kwamba waya wa nyutro huenda umelegea. Zima vifaa vyako kwanza, halafu ndipo upige simu.

Na kwa wenye mabani, daftari lilelile. Tarehe ya kuwasha, joto kila baada ya saa tatu, magogo mangapi, mvua imenyesha au la, na daraja ulilopewa na mteuzi siku ya soko. Safu hiyo ya mwisho wengi huiacha kwa sababu soko huja miezi kadhaa baada ya moto, na robota halikumbuki lilitoka bani lipi. Andika namba ya bani kwenye fito, uiandike tena unapofunga robota.

Kipindi chetu kitaanza kupokea kumbukumbu za umeme kuanzia mvua za kwanza. Tutazisoma hewani kwa jina la kijiji na tarehe bila kutaja jina la mtu, na mwisho wa msimu tutazipanga laini kwa laini na kuzipeleka zinakohusika. Waliokwisha kuanza kuandika wasisubiri tangazo. Tutumieni hata picha ya ukurasa wa daftari.